Mpendwa Uliyechaguliwa

Aprili iliyopita Waya alinipigia simu akasema barua pepe yake imegoma. Waya ni dadake babangu. Kwa Kiswahili cha shule ningemwita shangazi, lakini nikimwita hivyo atauliza amenikosea nini. Anaishi Oyugis, mwendo mfupi wa boda kutoka stage ukishika barabara ya Kendu Bay, na alifundisha Kiswahili katika shule za msingi miaka 34 kabla hajastaafu.

"Watu wa pensheni wanasema wameniandikia, barua imerudi," alisema. "Wa kanisa pia. Ati sina nafasi. Nyathina, mtu anaweza kukosa nafasi ndani ya simu yake mwenyewe?"

Mimi si fundi wa kompyuta. Kazi yangu ni kusoma vitabu na kuandika kama vimenibamba au la. Lakini kwa Waya, mtu yeyote anayeishi Nairobi na kubeba laptopu ni fundi. Basi nikapanda gari hadi Kisumu, nikabadilisha, nikapita Ahero, Katito na Sondu, nikashuka Oyugis giza likiingia na mvua ikianza. Kesho yake asubuhi tukaketi kibarazani, sahani ya viazi vitamu katikati yetu, nikafungua inboksi yake.

Barua 11,406 ambazo hazijafunguliwa. Nilidhani nimeenda kufanya usafi. Nimerudi na uhakiki, na ndio huu.

Nilianza na zile rahisi. Duka alikonunua friji miaka sita iliyopita. Kampuni za mikopo. Tovuti ya kamari ambayo anaapa hajui ilimpata wapi. Hizi ni kelele tu, na kelele ina dawa: unatafuta jina la mtumaji, unachagua barua zake zote, unafuta kwa fungu, kisha unamwaga na pipa, maana pipa nalo linabeba nafasi. Kwa kampuni halali, kile kilinki kidogo cha kujiondoa pale chini hufanya kazi, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kukataa habari zako zisitumiwe kukuuzia vitu. Kufikia saa tano barua elfu tisa zilikuwa zimeenda.

Zilizobaki zilikuwa za aina nyingine. Hizi hazikuwa zinauza friji. Zilikuwa zinasimulia. Na moja, au tuseme mfululizo mmoja, ilikuwa imewekewa nyota ya njano. Nilipoisogelea Waya akaweka kidole kwenye skrini.

"Hiyo usiguse."

Nikaiacha. Nikaendelea na zingine.

*

Tuanze na istilahi, maana Waya angetaka tuanze hapo. Kiswahili kina "barua taka", na ni neno zuri, lakini mtaani tunasema spamu na tumemaliza. Spam ni nyama ya kopo ya Marekani, imekuwa sokoni tangu 1937. Mwaka 1970 wachekeshaji wa Uingereza, Monty Python, waliigiza kichekesho cha mkahawa ambamo karibu kila chakula kina Spam, utake usitake, na neno lenyewe linarudiwa hadi mazungumzo yanazama. Watu wa mitandao ya mwanzo wakaliazima kwa sababu hiyo: kitu kinachorudiwa hadi husikii kingine.

Barua ambayo wengi huihesabu kuwa spamu ya kwanza ilitumwa Mei 3, 1978. Gary Thuerk, mtu wa mauzo wa kampuni ya DEC, aliwatangazia kompyuta watu karibu 400 waliokuwa kwenye ARPANET, mtandao uliotangulia intaneti. Kisha Aprili 1994 mawakili wawili wa Arizona, Laurence Canter na Martha Siegel, wakajaza vikundi vya majadiliano vya Usenet tangazo moja: tutakusaidia kuingia bahati nasibu ya Green Card.

Nilicheka nilipokumbuka hilo nikiwa Oyugis. Kwa miaka, kila Oktoba saiba za miji yetu zilikuwa zikibandika karatasi mlangoni: GREEN CARD HAPA. Kumbe spamu kubwa ya kibiashara iliyotikisa intaneti ilikuwa na tamaa ileile tunayoijua. Waya mwenyewe alikuwa na barua saba za kumpongeza kwa kushinda Green Card. Hajawahi kuomba. Na hata angeomba, serikali ya Marekani haiwaandikii washindi barua pepe kuwapa habari. Mwombaji huingia mwenyewe kwenye tovuti yao na namba yake ya uthibitisho. Barua ya pongezi ikikufikia, hiyo ni hadithi ya mtu.

Na kama ni hadithi, basi ina mwandishi, ina muundo, ina msomaji aliyelengwa. Hapo nikaanza kujisikia niko kazini.

*

Chukua barua moja ya Waya, iliyoandikwa kwa Kiswahili. Inaanza hivi: "Mpendwa Uliyechaguliwa, natumaini barua pepe hii inakupata vizuri." Hakuna aliyekulia Kiswahili anayesalimia hivyo. Sisi tunauliza hali, za nyumbani, za watoto. Mistari miwili chini kuna "fedha huyu" na "benki wangu amekataa". Mashine imetafsiri, na ngeli zimemwagika njiani.

Lakini ondoa makosa ya lugha, utazame mifupa. Mwandishi ni mjane. Mumewe alikuwa jenerali, au waziri, au mkandarasi wa mafuta. Ameacha dola milioni 10.5 mahali ambapo mjane hawezi kuzigusa. Mjane anaumwa na hana mtoto. Ameomba, na jina lako limemjia. Tafadhali usimwambie mtu. Na mwisho, wala si leo, labda barua ya nne au ya tano, kutakuwa na ada ndogo ya wakili.

Kama mhakiki, sina budi kukiri kwamba hii kazi imejengwa. Angalia ile pointi tano. Mwongo wa kawaida angesema milioni kumi. Nambari iliyovunjika inanuka risiti. Angalia na ile siri. Katika hadithi zetu za tamaa daima kuna jirani anayesema, "We, hebu tulia kwanza." Barua inamfukuza jirani huyo mapema. Ukikubali siri, umekubali kusoma peke yako, na msomaji wa peke yake hana wa kumkosoa.

Muundo huu ni wa zamani kuliko kompyuta. Katika karne ya 19 barua kama hizi zilisafiri kwa posta zikisema kuna tajiri amefungwa gerezani Uhispania, ana hazina iliyofichwa, ana binti, na anahitaji pesa kidogo ili atoke. Mwaka 1898 gazeti la New York Times liliandika kuhusu utapeli huo, na hata wakati huo liliuona kama kitu cha kale kilichofufuka. Baadaye mfungwa akawa mjane, Uhispania ikawa Nigeria, posta ikawa faksi, kisha barua pepe. Jina la 419 linatoka kwenye kifungu cha sheria ya jinai ya Nigeria kinachohusu kujipatia mali kwa udanganyifu. Kabla hujawacheka Wanigeria, kumbuka sisi tuna kifungu 313 cha Kanuni ya Adhabu, na hakikuandikwa kwa sababu ya wageni.

*

Sisi Wakenya, kwa kweli, tumeandika kazi bora zaidi katika utanzu huu, na ni fupi. Unaijua: "Ile pesa tuma kwa hii namba."

Nilimsomea Waya sentensi hiyo nikamuuliza kama mwalimu ataigawia alama ngapi. Akafikiri. "Tisa kwa kumi," akasema. "Kwa sababu ya ile."

Alikuwa sahihi kabisa. "Ile" ni kiashiria cha kitu ambacho sisi wawili tayari tunakijua. Haisemi "pesa", inasema pesa ambayo tumeshaongea. Haitaji jina, haileti mjane, haitoi hazina. Inatupwa kwa maelfu ya simu, na katika maelfu hayo yupo mtu ambaye dakika hiyohiyo alikuwa karibu kumtumia mtu pesa: karo, kodi ya nyumba, mchango wa matanga. Kwa msomaji huyo mmoja, sentensi ni kweli. Hadithi ameileta mwenyewe. Mwandishi ameleta kiashiria tu.

Ukilinganisha, mjane wa jenerali anaongea mno. Lakini anafanya kitu ambacho meseji haiwezi. Anakaa. Anarudi kesho. Meseji inawinda mtu mwenye haraka. Barua inawinda mtu mwenye muda.

*

Kitabu kilichonisaidia kuelewa upande wa pili wa barua ni riwaya ya Adaobi Tricia Nwaubani, I Do Not Come to You by Chance, iliyotoka 2009 na kushinda mwaka uliofuata tuzo ya Jumuiya ya Madola ya kitabu cha kwanza kwa ukanda wa Afrika. Jina lenyewe linasikika kama mlango wa barua hizo. Kingsley ni kifungua mimba, ana shahada ya uhandisi wa kemikali, baba anaugua, wadogo wanataka karo, kazi hakuna. Mjombake, Cash Daddy, ana kazi. Kazi yenyewe ni kuandika barua.

Nguvu ya riwaya hii ni kwamba inampa mwandishi wa spamu mama. Ukishamaliza huwezi tena kumwona kama jina la uongo kwenye skrini. Unamwona kijana mwenye digrii akihariri sentensi. Kijana wa Oyugis mwenye digrii anayeendesha boda atamwelewa Kingsley bila maelezo. Udhaifu wake, kwa maoni yangu, uko kwa wale wanaojibu. Kwa sehemu kubwa wako mbali, ni wazungu wenye pesa, na tunawacheka. Riwaya inamjua vizuri anayeandika barua kuliko anayeisoma.

Nadharia nayo inamjua msomaji huyo kwa dharau. Mwaka 2012 mtafiti wa Microsoft, Cormac Herley, aliuliza swali zuri: kwa nini matapeli hawa huendelea kusema wanatoka Nigeria, wakati kila mtu anajua hadithi hiyo? Jibu lake ni kwamba ubaya wa barua ni chujio. Kutuma ni karibu bure. Gharama iko katika kuongea na wanaojibu. Kwa hivyo andika barua ambayo mtu mwerevu ataitupa mara moja, ubaki na wale wepesi wa kuamini peke yao.

Nimeipenda hoja hii kwa miaka. Nimeitumia kwenye mabishano. Inafanya makosa ya barua yawe mbinu, na inamfanya msomaji kama mimi ajisikie salama: mimi si mjinga, mimi nimechujwa nikatoka. Pale kibarazani nilimweleza Waya hoja hiyo kwa madaha, nikimaliza kufuta barua ya Green Card ya saba.

Akanyamaza kidogo. Kisha akaondoa kidole chake kwenye ile nyota.

"Basi soma," akasema.

*

Barua zilikuwa 19, katika miezi saba. Ya kwanza ni ileile niliyokunukulia, ya "fedha huyu". Mtumaji alijiita Bi Margaret.

Waya alikuwa amejibu. Jibu lake la kwanza halikuzungumzia dola hata kidogo. Lilisema, nanukuu kwa ruhusa yake: "Bi Margaret, pole kwa msiba. Fedha ziko katika ngeli ya I-ZI. Sema fedha hizi."

Barua ya pili ya Margaret ilikosea tena. Waya akasahihisha tena. Kufikia ya sita, niamini nikwambie, iliandika "fedha hizi". Kufikia ya tisa salamu ilikuwa imebadilika: "Mwalimu, hujambo? Mguu unaendeleaje?" Kwa sababu katikati Waya alikuwa amemweleza kuhusu goti lake, na mvua, na jinsi ngazi za kanisa zimekuwa mlima.

Mashine haijifunzi ngeli kwa njia hiyo. Kulikuwa na mtu upande ule, pengine kijana kama Kingsley, aliyekuwa anasoma kila barua aliyoandika Waya na kujibu ndani ya siku mbili.

Barua ya 14 ilileta ada ya wakili. Waya alituma shilingi 6,500 kwa simu. Ya 16 iliomba 40,000. Akakataa. Ya 18 ilitisha: angeripotiwa, angeshtakiwa, jina lake lingechafuliwa. Ya 19 ilikuwa na neno moja tu. "Mwalimu?" Hakuijibu.

Nilikasirika, na sitaki kukuficha hilo ili makala iwe tamu. Shilingi 6,500 ni pesa. Mwezi ule alikaa bila dawa ya goti, na hakuna aliyejua, kwa sababu angetueleza nini? Huo ni wizi. Tuna Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao tangu 2018, na hadaa ya aina hii imo. Nikamuuliza kwa sauti ambayo sikuipenda: "Waya, hukujua?"

"Nilijua kutoka barua ya kwanza. Kwani mimi nimefundisha nini miaka hiyo yote?"

"Sasa mbona ukatuma?"

Alichukua muda. "Aliuliza mguu," akasema. "Wewe uliuliza lini?"

*

Nimefikiria sana kuhusu hadithi alizotusimulia Waya mwenyewe tulipokuwa wadogo, usiku stima ikipotea. Ya Simbi Nyaima, ziwa lile karibu na Kendu Bay: kijiji kilikuwa kinasherehekea, bibi kizee akaja kuomba hifadhi, wakamfukuza, ni mwanamke mmoja tu aliyempokea, na usiku ule maji yakameza kijiji kizima. Ya Nyamgodho wuod Ombare wa Gwassi, mvuvi fukara aliyemvua mwanamke wa ajabu ziwani. Alitaka kumrudisha majini, akaishia kumpeleka kwake, na kwa sababu yake akapata mifugo isiyohesabika. Alipomtukana, mwanamke akarudi ziwani na mifugo yote ikamfuata.

Ziangalie vizuri. Mgeni asiyejulikana, mwanamke, mara nyingi mzee, anafika bila taarifa. Ana shida. Ana utajiri au ana laana, inategemea utampokeaje. Sisi tulilelewa na hadithi zinazosema: fungua mlango. Mjane wa jenerali anabisha mlango uleule, akijua au asijue. Herley anasema anayefungua ni mwepesi wa kudanganywa. Mimi nasema, angalau huku kwetu, baadhi ya wanaofungua ndio waliosikiliza hadithi vizuri kuliko sisi wengine.

Kwa hivyo nadharia ya chujio naiacha nusu. Ni kweli barua inachuja. Lakini haikumchuja Waya kwa akili yake. Kwenye karatasi yeye ndiye msomaji makini kuliko wote niliowahi kuwajua. Ilimpata kwa sababu ilikuwa barua ndefu, iliyotumwa kwake, iliyosubiri jibu. Kwenye rafu yake kuna Barua Ndefu Kama Hii, tafsiri ya riwaya ya Mariama Bâ ya 1979, ambapo mjane Ramatoulaye yuko eda na anamwandikia rafikiye Aissatou. Mjane wa kweli, huyo. Barua yake imejaa mambo ambayo wawili hao waliyaishi pamoja, kwa hivyo kila "ile" katika barua yake inakaa mahali pake. Bi Margaret hakuwa na kumbukumbu yoyote na Waya. Ilibidi aitengeneze, barua kwa barua, kwa kuuliza. Sisi jamaa zake tulikuwa nazo za kumwaga, na hatukuandika.

*

Mimi niliandika, nilijitetea. Nilikuwa namtumia makala zangu kila zikitoka. Na hakuwahi kujibu hata moja, na hilo, kusema kweli, lilikuwa linaniuma. Nilidhani anaona Kiswahili changu ni cha matatu.

"Makala gani?" akauliza.

Nikafungua folda ya spamu. Huwa siifungui, nani hufungua? Barua hukaa humo siku 30 kisha zinajifuta. Na pale, kati ya dawa ya kunenepa na mirathi ya Dubai, palikuwa na jina langu. Barua moja, ya wiki mbili nyuma. Zilizotangulia zilikuwa zimeshafutwa zenyewe, mwezi baada ya mwezi.

Niliifungua ili niilaumu mashine, nikashindwa. Haikuwa na salamu. Haikuwa na jina lake wala langu. Ilikuwa linki tupu, na juu yake kichwa kisemacho: "Cheki hii."

Mwaka 2002 mtaalamu wa programu, Paul Graham, alichapisha makala iliyoeneza njia ya kuchuja spamu kwa hesabu za uwezekano. Unaipa mashine marundo mawili, barua njema na barua taka, inahesabu kila neno linapatikana zaidi katika rundo gani, kisha barua mpya ikija inapima maneno yake na kuamua. Vichujio vya leo vina mengi zaidi ya hayo, lakini tabia ni ile: mashine haijui udugu, inajua dalili. Linki bila salamu ni dalili. Kama mhakiki wa kwanza wa barua yangu, ilisoma kilichoandikwa, ikatoa hukumu ambayo hata mimi ningeitoa.

Bi Margaret, mwongo, aliandika "Mwalimu, hujambo?" na barua yake ikapita. Mimi, damu yake, niliandika "Cheki hii."

*

Tulimaliza kazi saa kumi. Nilibofya "si taka" kwenye barua yangu na kuingiza anwani yangu kwenye orodha yake, ili kichujio kijifunze. Zile za utapeli tuliziripoti kuwa spamu badala ya kuzifuta kimyakimya, kwa sababu hiyo hiyo. Wala hatukubofya kiungo cha kujiondoa ndani yake, maana kwa tapeli hilo ni jibu, linamwambia kuna mtu nyumbani. Tulibadilisha nywila, tukawasha uthibitisho wa hatua mbili. Nikamwonyesha jinsi ya kusoma anwani kamili baada ya alama ya @ kabla ya kusoma kichwa cha barua, kwa sababu jina la mtumaji ni vazi, mtu yeyote anaweza kulivaa. Alishika haraka. Akasema ni kama kutazama mzizi wa neno kabla ya viambishi.

Ile ya nyota hakuifuta. Sikumlazimisha. Aliipeleka kwenye folda mpya akaipa jina "Wanafunzi".

Niliporudi Nairobi niliketi usiku mmoja nikamwandikia Waya barua. Barua kweli, kurasa mbili, ya salamu na habari na goti. Nilimweleza kuhusu kazi, kuhusu nyumba inayovuja, kuhusu msichana ambaye sijamtaja kwa mtu. Niliisoma mara mbili kabla ya kuituma, nikihofia kichujio kuliko ninavyomhofia mhariri wa jarida hili.

Jibu lilikuja kesho yake asubuhi, limesahihishwa. Nilikuwa nimekosea "kuliko" na "kuriko" mahali pamoja, kosa la vidole, na sentensi moja ilikuwa ndefu hadi imepoteza kiima. Msichana alipewa swali moja: anatoka wapi? Na chini kabisa, pale nilipoandika "Nitakuja mwezi ujao", alikuwa ameongeza:

"Taja tarehe."